Injini tatu za roketi za bei nafuu: ipi inalifaa jua la Dar?

Fundi wa lathe pale Gerezani alikipokea kile kipande cha shaba, akakigeuza mara mbili kiganjani, akakichungulia tundu kwa mwanga wa mlangoni. "Kaka, hii nozo ya nini? Ya kupulizia rangi magari?" Nikamwambia ya roketi. Nilitegemea kicheko. Yeye akarudi kwenye mchoro wangu na kugonga kidole pale palipo pembamba kuliko pote: "Hapa umeandika milimita nane. Nane kamili, au nane ya kukadiria?"

Swali bora kuliko hilo kuhusu injini za roketi sijaulizwa tena. Ninaloulizwa mara nyingi, na vijana wa vyuo na hata watu wazima wenye karakana zao, ni hili: kwa hela ya kuungaunga, injini ya roketi ya kimiminika tuanze na ipi? Michoro wanayokuja nayo karibu kila mara ni ya aina tatu. Wa kwanza anataka oksijeni ya kimiminika na mafuta ya taa, kwa sababu ndivyo roketi kubwa zinavyofanya. Wa pili anataka naitrasi oksaidi (gesi inayobeba oksijeni ya kuunguzia) na spiriti, yaani ethanoli, kwa sababu naitrasi hujisukuma yenyewe kutoka mtungini. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye mfuko mwembamba, anataka spiriti na oksijeni ya gesi, ile ile ya mafundi wa kuchomelea. Mimi nipo na wa tatu, sitaki kukuzungusha. Ila kuna mahali mchoro wake unaanguka vibaya, na ni heri apajue kabla hajanunua chochote.

Nazungumzia injini iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, ardhini, inayosukuma mizani. Kurusha ni habari nyingine: anga lina wenyewe, na hodi inapigwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na hata ya ardhini haiwashwi uani Sinza.

Sekunde zinazodanganya

Kila mwanafunzi huanza na msukumo mahususi, ile namba inayopimwa kwa sekunde: kilo moja ya mchanganyiko itatoa nguvu ya uzito wa kilo moja kwa sekunde ngapi. Kwenye majedwali, chemba (chumba ambamo mchanganyiko huungua) ikiwa na mgandamizo wa bar 70 hivi, yaani karibu mara 70 ya hewa ya kawaida, na injini ikiwa usawa wa bahari, oksijeni ya kimiminika na mafuta ya taa hufika karibu 300. Spiriti na oksijeni hubaki nyuma kidogo, karibu 280. Naitrasi hushuka hadi 250 au pungufu. Ukiishia hapo, mshindi keshapatikana.

Lakini injini yako haitafika bar 70. Itafika 15, labda 20, na injekta yako ya kwanza, kile kipande kinachoingiza fueli na oksijeni chembani, itachanganya vibaya. V-2, roketi ya kivita ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyochoma spiriti na oksijeni ya kimiminika kwa bar 15 hivi, ilipata sekunde 203 ikiwa chini. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali nzima na wahandisi wake, pamoja na maelfu ya wafungwa waliolazimishwa kuiunda ndani ya mahandaki. Wewe weka 200 kwenye hesabu zako ulale. Asilimia 7 inayozitenganisha fueli mbili kwenye jedwali humezwa na tundu moja lililotobolewa mshazari.

Mafuta ya taa au spiriti

Bei ya mafuta ya taa si siri, EWURA huitangaza kila mwezi pamoja na ya petroli na dizeli. Siri ni usafi wake. Sisi ndio tuliolifanya neno "uchakachuaji" kuwa la kila siku, kwa hiyo tusijifanye wageni. Na hata yakiwa safi kabisa, mafuta ya taa ya dukani yametengenezwa kwa ajili ya taa na jiko la mchina. Yale ya roketi, ambayo Wamarekani huyaita RP-1, huondolewa salfa na vile vitu vinavyogandamana kwenye chuma cha moto.

Kugandamana huko ndiko kunakoleta tabu. Ukitaka kupoza injini kwa kuipitisha fueli kwenye mifereji ndani ya ukuta wa chemba kabla haijaenda kuungua, mafuta ya taa yakipata joto sana huacha utando mweusi kwenye mifereji. Utando huzuia joto kutoka, ukuta unazidi kupata moto, utando unazidi kunenepa. Mwenye jiko la mchina anaijua sufuria yake inavyotoka. Sasa fikiria sufuria hiyo imegeuzwa ndani nje na huwezi kuisugua. Kwa haki, kwenye chemba nene isiyo na mifereji masizi husaidia kidogo, yanaukinga ukuta. Lakini hutapenda kuijenga injini inayotegemea uchafu wake.

Spiriti haina tabia hiyo. Inakubali kuchanganywa na maji, na maji ndiyo zawadi yake: hushusha joto la moto bila kuiharibu sana kazi. Kilo moja ya ethanoli ikigeuka mvuke hubeba kilojuli 840 hivi za joto. Mafuta ya taa hayafiki nusu ya hapo. Maji hubeba 2,260. V-2 ilitumia ethanoli ya asilimia 75 kwa uzito, robo iliyobaki maji, na hesabu yake ya jikoni ni rahisi: spiriti ya viwandani ya asilimia 96 kwa ujazo ni sawa na 94 kwa uzito, basi kilo 4 za spiriti kwa kilo 1 ya maji, umefika. Pima kwa mizani, usipime kwa chupa. Konyagi haitoshi, asilimia 35 ni kinywaji. Sanitaiza zilizobaki enzi za corona nazo ziache, nyingi zina glisirini au jeli. Na spiriti ya kuwashia iliyotiwa methanoli inaungua vizuri tu, ila mvuke wake ni sumu.

Ubaya wake mkubwa ni mmoja: moto wa spiriti mchana hauonekani. Siku moja tulimwaga kidogo kwenye zege tukiwa tunajaza tangi, cheche ikadondoka, hakuna aliyeona kitu. Tulichoona ni hewa juu ya zege ikichezacheza kama lami ya Morogoro Road saa nane mchana, kisha kiatu cha mwenzetu kikaanza kunuka. Tangu hapo ndoo za maji zinakaa miguuni petu. Hapo tena spiriti inashinda, kwa sababu maji huizimua kabisa, wakati mafuta ya taa hupanda juu ya maji na kutembea na moto wake hadi kwenye begi lako.

Kinachounguza: hapa ndipo Dar inapoamua

Fueli haiungui bila oksijeni, na hiyo injini inabebewa. Anza na oksijeni ya kimiminika. Mmarekani Robert Goddard aliitumia na petroli tarehe 16 Machi 1926, Auburn, Massachusetts, roketi yake ikapanda mita 12 hivi kwa sekunde mbili na nusu, na tangu hapo haijapata mpinzani wa kweli. Inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Lita moja ina kilo 1.14. Kwa injini itakayoruka siku moja, jibu ni hilo, sina ubishi.

Ubishi wangu ni hewa ya Dar. Hapa pwani hewa imejaa maji. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji inalowa kabla hujaifungua. Vali yenye oksijeni ya kimiminika ndani inavuta maji hayo na kuyagandisha juu yake, na barafu ikiingia kwenye shina la vali, vali haigeuki. Si sisi tu wa kuogopa hilo. Septemba 2010 kundi la watu wa kujitolea wa Denmark, Copenhagen Suborbitals, walishindwa kurusha roketi yao kwenye bahari ya Baltiki kwa sababu vali ya oksijeni iliganda. Kifaa walichoweka cha kuipasha joto kilikuwa mashine ya kukaushia nywele, na umeme wake ukaisha kabla ya muda. Hao walikuwa kwenye baridi yao. Wewe uko Kigamboni, jasho linakutoka, na vali yako ina barafu nene kama kidole.

Halafu kuna grisi. Fundi yeyote wa kuchomelea ameambiwa asiweke mafuta kwenye vali ya oksijeni, na wengi wamelisikia kama mwiko tu. Kwa oksijeni ya kimiminika mwiko huo unakwenda hadi chini ya miguu: ikimwagika juu ya lami, lami iliyolowa inaweza kulipuka kwa kukanyagwa. Mbao vivyo hivyo. Jaribio lifanyike juu ya zege tupu au mchanga, na kila kiungo kioshwe kama vyombo vya hospitali.

Ukiamua kwenda njia hiyo, jizoeze na nitrojeni ya kimiminika kwanza. Wataalamu wa mifugo wanaofanya uhimilishaji wa ng'ombe huitumia kuhifadhi mbegu, kwa hiyo haiko mbali kama unavyodhani. Ni baridi zaidi, nyuzi 196 chini ya sifuri, na haichochei moto. Vali ikiganda na nitrojeni, umepoteza asubuhi tu.

Naitrasi ndiyo iliyonivutia mimi mwanzoni, nakiri. Kwenye nyuzi 20 inakaa mtungini kama kimiminika na kujigandamiza yenyewe kwa bar 50, hivyo huhitaji gesi ya kuisukuma. Vitabu vimejaa mifano yake. Shida ni kwamba waandishi wake wanaishi kwenye nyuzi 20. Naitrasi ina kikomo, nyuzi 36.4, ukikivuka, kimiminika na gesi havitofautiki tena, na mgandamizo unapaa kadiri ulivyojaza mtungi. Hata kabla ya kikomo uzito wake unapukutika: kilo 0.79 kwa lita kwenye nyuzi 20, chini ya 0.7 kwenye nyuzi 30. Injekta uliyoipima asubuhi ni injekta nyingine mchana.

Mwezi wa pili mwaka mmoja tulibeba mtungi wa naitrasi nyuma ya pikapu, kutoka Ubungo kwenda Kigamboni. Kosa la kwanza, tuliusafirisha na geji juu yake. Asubuhi kivulini ilisoma bar 60 na kitu. Foleni ya Mandela ikatukamata, jua likapanda utosini, na hatujafika Buguruni geji imeshapita 70. Dereva akauliza kama ile "saa" inapanda kwa sababu ya mashimo. Tukanunua magunia mawili kwa mama mmoja wa mkaa, tukayalowesha, tukaufunika mtungi kama watu wanaofunika barafu, na mmoja wetu akakaa nyuma akiyamwagia maji hadi Kurasini. Hakuna kilichotokea, nashukuru. Lakini Julai 2007 huko Mojave, California, watu 3 walikufa wakijaribu mtiririko wa naitrasi tu, bila hata kuwasha injini. Gesi hii huweza kujivunja yenyewe na kutoa joto, haihitaji fueli ili ilipuke. Kwa mji wenye Februari kama yetu, mimi nimeiweka pembeni.

Inabaki oksijeni ya gesi, na hapa ndipo nilipokuahidi anguko. Mtungi wa lita 40 uliojazwa hadi bar 150 una oksijeni kilo 8. Wenyewe una chuma cha kilo 50 hivi. Kwa hiyo sahau kuruka nao, hiyo ni wazi. Lisilo wazi ni mtiririko. Chukua injini ya nyutoni 100, yaani inayosukuma kama uzito wa kilo 10. Kwa sekunde 200 zetu inakula gramu 51 kila sekunde: spiriti gramu 23 hivi, oksijeni 28. Oksijeni gramu 28 ni lita 21 za gesi. Kwa sekunde moja! Kwa dakika ni lita 1,300 hivi, na regyuleta ya kuchomelea, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wa mtungi, haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Itakohoa, mgandamizo utashuka, na chemba itabaki na spiriti nyingi inayongoja hewa. Unahitaji regyuleta kubwa ya mtiririko, au mitungi miwili mitatu iliyounganishwa. Ukipanda hadi nyutoni 500 unataka lita 6,400 kwa dakika na mpango wote unavunjika. Mpaka wa oksijeni ya gesi, kwa karakana ya kawaida, nauweka kwenye nyutoni 100 hadi 200. Zaidi ya hapo rudi kwa wa kwanza na barafu yake.

Ndani ya mpaka huo, lakini, raha yake haina mfano. Haigandi. Haichemki ikaisha wakati unatafuta spana. Oksijeni inajisukuma yenyewe, spiriti tu ndiyo inayohitaji nitrojeni kidogo ya kuisukuma. Na ni ndogo kiasi cha kuchekesha: sekunde 5 za moto hunywa spiriti mililita 130 na ushee, vikombe viwili vya kahawa ya kijiweni. Tahadhari yake ni moja: ifungue polepole. Oksijeni ya bar 150 ikiingia ghafla kwenye bomba lenye vumbi la chuma au plastiki isiyofaa, bomba lenyewe linageuka kuni. Vali za shaba ya njano, mabomba masafi, mkono mtaratibu.

Mengine nayapita haraka. Haidrojeni peroksaidi iliipeleka setilaiti ya Uingereza angani Oktoba 1971, roketi ya Black Arrow ikichoma peroksaidi na mafuta ya taa, lakini ile ilikuwa ya asilimia 85, na ya duka la dawa au ya saluni haikaribii. Anayekuambia mnaweza kuikoleza nyumbani mkimbie. Asidi ya nitriki ilitumiwa na kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, majirani zetu kabisa, Shaba huko Zaire mwaka 1977 na 1978. Moshi wake unatosha kukulaza wodini. Gesi asilia ya Songo Songo? Fueli nzuri sana. Roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye obiti, Zhuque-2 ya China, ilifanya hivyo Julai 2023. Ila kwetu inakuja bombani na kwenye mitungi ya bajaji ikiwa gesi, na gesi kwa gesi si injini ya kimiminika tena, ni jiko lenye hasira.

Shaba dhidi ya chuma cha pua

Nozeli yetu ya kwanza, yaani mdomo wa kutolea moto, ilikuwa ya chuma cha pua. Kila mtu alitushauri hivyo, pamoja na muuza vyuma, na akili inakubali: hakipati kutu, ni kigumu, kinayeyuka kwenye nyuzi 1,400 hivi wakati shaba inayeyuka kwenye 1,085. Sekunde ya pili koromeo, pale nozeli inapokuwa nyembamba kuliko pote, likaanza kutema cheche za rangi ya machungwa. Ya tatu, moto ukatokea ubavuni.

Jibu lilikuwa kwenye kikombe cha chai. Kijiko cha chuma cha pua kikikaa kwenye chai inayochemka, mpini unaushika bila shida. Joto halisafiri, linabaki pale pale kwenye ncha. Ndani ya koromeo moto ni zaidi ya nyuzi 2,500, hakuna chuma cha kawaida kinachouhimili, kwa hiyo kinachokuokoa ni kasi ya kulihamisha joto kwenda kwenye unene wa ukuta. Kwa kipimo kimoja cha upitishaji, shaba tupu ni 390, chuma cha kawaida 50, chuma cha pua 16. Chuma cha pua kiliyeyuka upande wa ndani huku nje ungeweza kukigusa.

Kwa hiyo shaba, nene, kipande kimoja, na moto wa sekunde 3 hadi 5 tu, kisha unaiacha ipoe. Haina mifereji, haina ufundi wa siri. Ukitaka dakika nzima, hapo ndipo mifereji ya kupoza inapoingia, pamoja na miezi sita ya maisha yako. Shaba tupu ni kero kwenye lathe, inavutika kama bigijii na kung'ang'ania kisu, fundi atalalamika na ana haki. Na ukinunua chakavu uliza imetoka wapi. Nyaya nyingi mjini zimeshatembea usiku.

Ndiyo maana fundi wangu aliuliza kuhusu ile nane. Kwa nyutoni 100 na bar 15 koromeo linatoka milimita 8 tu, penseli nene. Likiliwa na moto hadi 8.5, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 13, na mgandamizo wa chemba unashuka karibu kwa kiasi hicho hicho. Ulichofikiri ni injini dhaifu ni nozeli iliyolika.

Kusukuma, na kutoboa

Pampu au mgandamizo wa tangi? Kwa kuanzia hili si swali. Tangi la spiriti liwe na bar 20 au 22 ili chemba ipate 15, tofauti ikiliwa na injekta na mabomba. Kampuni ya Rocket Lab iliweka pampu za umeme za betri kwenye injini yake ya Rutherford na ikafika obiti Januari 2018, na ukiona bodaboda za umeme zinavyoongezeka mjini unaweza kuota. Ota, lakini baadaye. OTRAG ndio walionifundisha heshima ya ujinga wa makusudi: mabomba ya kawaida yaliyofungwa pamoja, theluthi ya tangi hewa iliyogandamizwa, na vali zikizungushwa na mota za waipa za gari. Hakuna pampu hata moja. Siasa ndiyo iliyowafukuza Zaire.

Tangi lijaribiwe kwa maji, mara moja na nusu ya mgandamizo wa kazi, kwa ile pampu ya mkono ya mafundi bomba. Kwa maji, si kwa hewa. Maji yakipasua tangi yanakulowesha.

Kwenye injekta kuna kambi mbili. Moja hutoboa matundu madogo yanayogongana, mkondo wa spiriti na wa oksijeni vikutane mbele kidogo ya bamba. Kwa injini yetu, matundu 3 ya spiriti ya milimita 0.8 yanatosha. Yanaonekana rahisi hadi biti ipepesuke na tundu litoke 0.9: eneo limeongezeka kwa zaidi ya robo, mkondo unapinda, na upande mmoja wa chemba unapata moto wote. Kambi ya pili ni pinto: kijiti katikati, fueli ikitoka kama mwavuli na kukatiza oksijeni inayoteremka pembeni yake. Injini iliyowashusha Wamarekani mwezini ilikuwa ya pinto, na mhandisi Tom Mueller akaibeba fikra hiyo hadi Merlin, injini ya kampuni ya SpaceX. Sifa yake kubwa ni kutosumbuliwa na mtetemo wa moto uliovunja injini nyingi kubwa. Sifa yake kwa Gerezani ni kwamba karibu yote inachongwa kwenye lathe, na fundi wa lathe utampata. Wa kutoboa 0.8 kwa unyoofu utamtafuta.

Vyovyote utakavyochagua, ipitishie maji kwanza. Ndoo, saa ya simu, mizani ya duka la mchele. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tundu moja lilikuwa likitoa nusu ya mwenzake. Ndani mlikuwa na unyoya mmoja wa shaba, mwembamba kama wa kope.

Kuwasha: moto mdogo uwepo kwanza, uthibitike, ndipo vali kubwa zifunguliwe. Sisi tunatumia plagi ya bodaboda na koili yake kwenye kichomeo kidogo cha pembeni, na kamera inayotuonyesha tukiwa mbali nyuma ya viroba vya mchanga. Spiriti na oksijeni vikitangulia kujaa chembani na cheche ikafuata, hiyo inakuwa bomu lenye nozeli.

Na chumvi

Jambo hili hakuna mchoro unaolionyesha. Falcon 1 ya kwanza, roketi ya SpaceX, Machi 2006, iliruka kutoka kisiwa cha Omelek katikati ya Pasifiki, ikashika moto kwa mafuta yaliyovuja, ikaanguka. Uchunguzi ulimkuta mhalifu: nati ya aluminiamu kwenye bomba la mafuta, iliyoliwa na chumvi ya bahari. Baadaye wakaweka za chuma cha pua. Kwetu Kigamboni viungo vya aluminiamu hubadilika rangi ndani ya wiki chache, kwa hiyo hapa chuma cha pua kinalipiza kisasi cha lile koromeo: nati, viungo, tangi, vyote viwe vya pua, shaba ibaki kwenye chemba, na ile ya njano kwenye vali za oksijeni. Na baada ya kila jaribio tunakausha, tunafunga mifuniko, tunarudisha kila kitu Tabata, mbali na upepo wa bahari.

Kama una mtoa huduma wa uhakika wa oksijeni ya kimiminika na mtu aliyewahi kuishika, na ndoto yako ni kuruka, chukua njia ya kwanza, ila bado nakusihi uichome na spiriti. Kama upo Makambako au Njombe kwenye baridi, ningeizungumza naitrasi kwa sauti nyingine. Kwa Dar, kwa injini ya kwanza, ni mtungi wa mchomeleaji, spiriti ya kilo 4 kwa 1, shaba nene, pinto, nyutoni 100.

Fundi alinikabidhi koromeo baada ya siku mbili, limefungwa kwenye gazeti. Nikalipima: 8.1. Nikamwonyesha. Akasema, "Kaka, ukitaka nipunguze naweza, lakini kuongeza chuma siwezi." Nilimlipa, nikarudi nyumbani kubadilisha hesabu.